Kura ya mkulima wa Roma ilikuwa na uzito gani?

Msomaji wetu mmoja wa Kenya ameuliza: "Kitabu kimoja kinasema Roma ilikuwa jamhuri ambamo wananchi walichagua viongozi na kupitisha sheria. Kingine kinasema ilikuwa serikali ya matajiri wachache. Sasa mkulima wa kawaida, raia halali wa Roma, kura yake ilikuwa na nguvu yoyote? Seneti yao ilikuwa kama hii yetu? Na kama kweli walipiga kura, ilikuwaje wakaacha?"

Vitabu vyote viwili vina haki. Vinapingana kwa sababu kila kimoja kinatazama mkutano wake. Roma haikuwa na uchaguzi wa daftari moja na sanduku moja. Raia yuleyule alipiga kura katika mikutano tofauti, na katika kila mkutano alipangwa ndani ya kundi jingine. Kilichohesabiwa mwishoni ni kura za makundi. Kura ya mtu mmojammoja iliamua tu kundi lake limesema nini. Kwa hiyo ukiuliza uzito wa kura ya mkulima, inabidi kwanza useme alikuwa anapiga kura wapi. Nianze na mkutano uliombana, kisha niende kwa ule uliompa nafasi.

Mkutano uliombana ni ule wa senturia, yaani makundi ya kupigia kura yaliyopangwa kwa mali. Ndio uliochagua makonsuli, yaani wakuu wawili wa serikali wa kila mwaka, mapretori (mahakimu wakuu) na masensori (wasimamizi wa sensa), ndio ulioidhinisha vita, na ndio uliosikiliza kesi kubwa za adhabu ya kifo. Warumi wenyewe walisema uliasisiwa na Servius Tullius, wa sita kati ya wafalme saba wa masimulizi yao, kabla ya ufalme kuondolewa mwaka 509 KK. Asili yake ni jeshi lililokusanyika kupiga kura, na ndiyo maana haukuruhusiwa kukutana ndani ya mpaka mtakatifu wa mji. Ulikutana Campus Martius, uwanda wa kando ya mto Tiber. Na kwa kuwa kila askari alijinunulia silaha zake, raia walipangwa kwa kipimo cha silaha walizoweza kununua.

Mwanahistoria Livius ameacha orodha yenyewe. Tabaka la kwanza lilikuwa la wenye mali ya asi 100,000 na kuendelea, asi ikiwa sarafu ya shaba. Hawa walitakiwa kufika na kofia ya vita, ngao ya duara, vikinga miguu na dirii ya kifuani, vyote vya shaba, pamoja na mkuki na upanga. Tabaka la pili, asi 75,000, walibeba ngao ndefu badala ya ile ya duara na hawakudaiwa dirii. La tatu, asi 50,000, vivyo hivyo bila vikinga miguu. La nne, asi 25,000, walikuja na mkuki wa kushika na wa kurusha, basi. La tano, asi 11,000, walikuja na kombeo na mawe. Chini ya hapo kulikuwa na walalahoi, ambao hawakudaiwa silaha wala kodi ya vita. Usizichukue takwimu hizi kuwa za enzi ya mfalme Servius. Viwango hivyo vya fedha ni vya karne nyingi baadaye, Roma ilipokuwa tayari na sarafu. Mpango wenyewe wa ngazi ndio wa kale.

Sasa hesabu. Wapanda farasi walipewa senturia 18. Tabaka la kwanza 80. La pili, la tatu na la nne 20 kila moja. La tano 30. Mafundi na wapiga tarumbeta wa jeshi wakapata 4, na walalahoi wote, hata wangekuwa maelfu mangapi, wakasongamanishwa ndani ya senturia 1. Jumla 193. Ili ushinde unahitaji 97. Jumlisha wapanda farasi na tabaka la kwanza: 98.

Yaani matajiri wakikubaliana, shughuli imekwisha. Kura zilipigwa kwa zamu kuanzia juu, na mara idadi ya 97 ilipofika, wasimamizi waliacha kuita. Mkulima wa tabaka la nne angeweza kutembea tangu usiku, akasimama juani hadi alasiri, na akarudi nyumbani bila jina la tabaka lake kutajwa. Haikuwa bahati mbaya ya mpangilio. Cicero, ambaye alichaguliwa konsuli na mkutano huohuo, anaeleza wazi kwamba ulipangwa hivyo ili walio wengi wasiwe ndio wenye nguvu nyingi, na anasifia. Anaongeza kwamba katika senturia moja tu ya matabaka ya chini waliandikwa watu karibu kuzidi tabaka zima la kwanza. Senturia haikuwa na idadi maalumu ya watu: ndogo za juu na zilizofurika za chini zilihesabiwa sawa, kura moja moja.

Kulikuwa na mizani nyingine ambayo vitabu vingi vya shule huiruka. Kila tabaka liligawanywa nusu kwa nusu: senturia za vijana, miaka 17 hadi 45, na senturia za wazee, miaka 46 na zaidi. Katika nchi ambayo wengi hawakufika uzeeni, wazee walikuwa wachache sana kuliko vijana, lakini senturia zao zilikuwa sawa kwa idadi. Kwa hiyo kura ya mzee mmoja ilikuwa nzito kuliko ya kijana wa mali ileile.

Mfumo huu ulirekebishwa wakati fulani baada ya mwaka 241 KK. Tabaka la kwanza likapunguzwa hadi senturia 70, na jumla ikabaki 193. Piga hesabu upya: 18 na 70 ni 88, bado 9. Tangu hapo matajiri wakuu walilazimika kupata angalau sehemu ya tabaka la pili, na uchaguzi ukiwa na ushindani mkali, la tatu pia liliitwa. Ni mabadiliko madogo, lakini yalimpa mkulima wa kati, mwenye shamba lake na jozi ya ng'ombe, sababu ya kutafutwa na wagombea.

Rekebisho hilohilo lilileta pia kura ya kutangulia. Senturia moja ya vijana wa tabaka la kwanza ilichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, ikapiga kura peke yake, na matokeo yake yakatangazwa hapohapo kabla wengine hawajaanza. Warumi waliyachukulia kama ishara ya miungu, na senturia zilizofuata mara nyingi zilielemea hukohuko. Matatizo yake unaweza kuyabashiri. Mwaka 54 KK wagombea wa ukonsuli walipanga kutoa sestersi (sarafu za Roma) milioni 10 kwa senturia ya kutangulia, na Cicero anaandika katika barua zake kwamba fedha zilikopwa kwa wingi kiasi kwamba riba mjini Roma ilipanda kutoka asilimia 4 hadi 8 kwa mwaka. Rushwa ya uchaguzi ilikuwa na watu wake maalumu, wagawaji, waliopokea fedha kwa jumla na kuzisambaza kwa makundi. Sheria za kuizuia zilitungwa moja baada ya nyingine. Ile ya mwaka 63 KK, iliyopitishwa na Cicero mwenyewe akiwa konsuli, iliongeza adhabu ya uhamisho wa miaka 10. Hazikufua dafu. Anayezitunga alikuwa mgombea wa jana, na anayezisimamia alikuwa mgombea wa kesho.

Siku ya kura yenyewe iliendeshwa hivi. Kutoka tangazo mpaka kura ilibidi masoko matatu yapite. Soko la Roma lilikuwa kila siku ya nane, na hapo ndipo watu wa mashambani walipopata habari. Sheria ya mwaka 98 KK ilikazia kanuni hiyo, na ikapiga marufuku kuchanganya mambo yasiyohusiana ndani ya muswada mmoja. Kabla ya mapambazuko, afisa aliyeitisha mkutano alitazama ishara za angani. Ishara zikiwa mbaya, mkutano uliahirishwa. Zikiwa njema, tarumbeta zililia na bendera nyekundu ikapandishwa juu ya kilima cha Janiculum, ng'ambo ya mto. Hapo zamani bendera hiyo ilionyesha kwamba walinzi wako juu na adui haonekani, na ikishushwa wakati wowote, mkutano umevunjika. Kanuni hiyo haikuwahi kufutwa. Mwaka 63 KK pretori Metellus Celer aliishusha kwa makusudi ili kuvunja kesi ya mzee Rabirius, aliyekuwa akishtakiwa kwa mauaji ya miaka 37 iliyotangulia. Adui hakuwepo popote, lakini watu walitawanyika na kesi ikafia hapo.

Mwananchi wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kusema siku hiyo. Mjadala ulifanyika siku zilizotangulia, katika mikutano ya hadhara ambayo haikuwa na kura, na aliyeitisha ndiye aliyeamua nani apande jukwaani. Siku ya kura, muswada ulisomwa, ukakubaliwa au kukataliwa ulivyo. Hakuna aliyeweza kurekebisha hata kifungu kimoja. Kwenye uchaguzi, msimamizi aliweza hata kukataa kulipokea jina la mgombea.

Kisha watu waliingia ndani ya uzio uliogawanywa vijia vya kamba na mbao, ambao Warumi waliuita zizi la kondoo. Mwisho wa kila kijia palikuwa na ulalo mwembamba wa mbao, na juu yake mpiga kura alipita peke yake. Mpaka mwaka 139 KK alitamka chaguo lake kwa mdomo mbele ya karani, na karani akachoma nukta kwenye kibao kando ya jina. Hebu fikiria mkulima anayedaiwa mkopo na bwana fulani, au anayelima shamba la huyo bwana, anatamka jina huku wapambe wa bwana wamesimama hatua mbili. Mwaka huo sheria ya Gabinius, tribuni, yaani mtetezi wa raia wa kawaida ambaye nitamweleza baadaye, ilileta kura ya siri kwenye uchaguzi. Miaka miwili baadaye, 137 KK, ikaingia kwenye kesi nyingi, mwaka 131 KK kwenye kupitisha sheria, na mwaka 107 KK kwenye kesi za uhaini, ambazo zilikuwa zimeachwa nje. Mpiga kura alipewa kibao kidogo kilichopakwa nta. Kwa muswada, herufi V na R zilimaanisha "kama unavyoomba", na A ilimaanisha "yabaki ya zamani". Kwa uchaguzi aliandika majina mwenyewe kwa kifupi. Kibao kikatumbukizwa kwenye kikapu kirefu chini ya macho ya walinzi.

Kuna sarafu ya fedha ya Licinius Nerva, ya kama mwaka 113 KK, inayoonyesha tendo hilo: mtu mmoja anapokea kibao kutoka kwa karani aliye chini ya ulalo, mwingine mbele yake anakitumbukiza. Kumbuka kwamba sarafu ilikuwa ndilo tangazo lililopita mikono mingi kuliko yote, na familia ya aliyeipiga iliona fahari kuweka pale picha ya mtu asiye na jina akipiga kura. Siri hiyo haikuja kirahisi. Miaka michache kabla, mwaka 119 KK, tribuni Gaius Marius alilazimika kupitisha sheria ya kuzifanya zile lalo nyembamba zaidi, ili wapambe wasipate pa kusimama na kuchungulia vibao. Konsuli Cotta alipinga. Marius alitishia kumtia ndani, na sheria ikapita.

Mkutano wa pili ulikuwa wa makabila, nao ni habari tofauti. Haya hayakuwa makabila ya ukoo au lugha. Yalikuwa maeneo ya kuandikisha raia, karibu na majimbo ya uchaguzi. Tangu mwaka 241 KK yalikuwa 35: 4 ya mjini na 31 ya mashambani. Kila kabila lilikuwa na kura moja, na 18 zilitosha. Ndani ya kabila hapakuwa na matabaka: kibao cha mkulima na cha seneta viliingia kikapu kimoja. Mkutano wa waplebei, yaani raia wote wasiokuwa wa koo za kale za mapatrisi, ulipangwa hivyohivyo, na ndio uliochagua matribuni 10 wa kila mwaka. Sheria ya Hortensius ya mwaka 287 KK ikasema maamuzi yake yanawafunga raia wote, mapatrisi wakiwemo. Tangu hapo sheria nyingi za Roma zilipita kwenye makabila, kwa sababu ilikuwa haraka kuliko kupanga senturia 193.

Waplebei hawakupewa hayo kwa hisani. Waliyapata kwa mgomo. Kwa mujibu wa masimulizi ya Warumi, mwaka 494 KK askari waplebei waliondoka mjini na kwenda kukaa Mlima Mtakatifu, kaskazini mwa Roma, huku vita vikisubiri. Chanzo kilikuwa madeni. Ukitaka kujua deni lilikuwa na maana gani kwa mkulima wa wakati ule, soma Mbao Kumi na Mbili, sheria zilizoandikwa miaka ya 451 na 450 KK, ambazo kwa kulinganisha na desturi ya awali zilikuwa ni nafuu kwa sababu angalau ziliandikwa. Baada ya hukumu mdaiwa alipewa siku 30. Zikipita, mdai alimkamata na kumfunga kwa kamba au kwa pingu za ratili 15. Alimweka siku 60, na kama mfungwa hana chakula chake mwenyewe, mdai alimpa ratili moja ya unga wa ngano kila siku, yaani chini kidogo ya gramu 330. Katika masoko matatu mfululizo alipelekwa hadharani na kiasi cha deni kikatangazwa, ili kama yuko ndugu wa kumkomboa ajitokeze. Asipotokea, aliuzwa utumwani ng'ambo ya Tiber. Raia kuifanya dhamana ya deni mwili wake mwenyewe kulifutwa mwaka 326 KK.

Tribuni alizaliwa na mgomo huo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwokoa mtu anayeonewa na afisa: anafika, anaweka mwili wake katikati, anasema nakataza. Waplebei walikuwa wameapa kumuua yeyote atakayemgusa. Mlango wa nyumba yake ulipaswa kuwa wazi mchana na usiku, na hakuruhusiwa kulala nje ya mji. Kutokana na ule ukatazaji wa mtu mmoja likakua turufu la kuzuia muswada wowote, kikao chochote, hata uamuzi wa seneti. Lakini tazama mipaka yake. Mamlaka yake yaliishia maili moja nje ya mji. Mkulima akiwa jeshini mbele ya konsuli hakuwa na tribuni wa kumlilia. Na kwa kuwa yeyote kati ya 10 aliweza kuwazuia 9 waliobaki, seneti ilihitaji kumpata mmoja tu.

Jambo hilo ndilo lililotokea mwaka 133 KK. Tribuni Tiberius Gracchus alileta muswada wa kugawa ardhi ya umma iliyohodhiwa na matajiri. Tribuni mwenzake, Octavius, akaweka turufu. Gracchus akaitisha kura ya kumvua Octavius cheo, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Makabila 17 yakapiga kura ya kumwondoa. Bado moja. Mwandishi wa kale Plutarch anasema Gracchus alisimamisha kura hapo, akamkumbatia mwenzake mbele ya umati, akamsihi aondoe pingamizi. Octavius alinyamaza kwa muda, akawatazama matajiri waliokuwa wamesimama pembeni, akakataa. Kabila la 18 likapiga kura. Kabla mwaka haujaisha Gracchus aliuawa kwa kupigwa na maseneta na wafuasi wao.

Kwa maoni yangu hapa ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Kwenye makabila kura ya mkulima ilikuwa na uzito wa kweli, wa kutosha watu kuuawa kwa ajili yake. Kilichompunguzia nguvu ni umbali. Kura ilipigwa Roma tu, kwa miguu yako mwenyewe. Raia wa Ariminum, zaidi ya kilomita 300 kutoka Roma, alihitaji kuacha shamba kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kabila la mashambani lenye maelfu ya raia liliweza kuwakilishwa siku hiyo na mamia machache: wenye nafasi, wenye mwenyeji mjini, na wale waliohamia Roma lakini majina yao yakabaki kwenye kabila la kwao. Hao wa mwisho walikuwa na kura nzito kuliko wanavyodhaniwa. Maskini aliyezaliwa mjini na mtumwa aliyeachwa huru, kinyume chake, walirundikwa kwenye yale makabila 4.

Hali ikazidi kuwa mbaya baada ya vita vya 91 hadi 88 KK, ambapo watu wa Italia walidai uraia kwa silaha na kuupata. Sensa ya mwaka 115 KK ilihesabu raia wanaume 394,336. Ya mwaka 70 KK ilikaribia 900,000. Uwanja wa kupigia kura ulibaki uleule mmoja, na makadirio ya juu ya wanahistoria ni kwamba ungechukua watu 70,000 hivi. Hakuna aliyependekeza vituo vya kura mikoani. Augustus, mfalme wa kwanza wa himaya, ndiye aliyejaribu, baadaye, tena kwa madiwani tu wa miji aliyoianzisha: walipiga kura kwao na kuzituma Roma zikiwa zimetiwa muhuri.

Kuhusu seneti, nitajibu kwa ufupi. Inafanana na ya Kenya kwa jina. Maseneta wa Roma hawakuchaguliwa na kaunti wala eneo lolote. Walikuwa wazee waliokwisha kushika vyeo, 300 kwa muda mrefu, 600 tangu enzi ya jemadari Sulla, na walikaa maisha yao yote isipokuwa sensori awafute. Kisheria walitoa ushauri tu, hawakutunga sheria. Lakini walishika hazina, wakagawa majimbo ya kutawala na wakapokea mabalozi. Konsuli alikaa mwaka mmoja. Maisha yake yote yaliyobaki angekaa na maseneta haohao. Ndiyo maana wachache sana walithubutu kupuuza ushauri wao.

Sasa, ilikuwaje wakaacha kupiga kura. Hapakuwa na siku moja. Mwaka 88 KK Sulla aliingiza jeshi Roma kutengua uamuzi wa mkutano, na kila jemadari aliyemfuata alikwisha jua kwamba inawezekana. Mwaka 59 KK konsuli Bibulus alijifungia nyumbani akatangaza kila siku kwamba anatazama ishara za angani, ili kubatilisha kila anachopitisha mwenzake Caesar. Caesar akaendelea kupitisha. Kanuni zikawa silaha, na asiyekuwa nazo akatumia marungu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Augustus, kuanzia mwaka 27 KK, hakufuta chochote. Mwaka 23 KK alijitwalia mamlaka ya tribuni ya maisha bila kuwa tribuni: turufu, kinga ya mwili na haki ya kuleta miswada, vyote kwa mtu mmoja asiye na wenzake 9 wa kumzuia. Watu waliendelea kupiga kura kwa majina aliyoyapendekeza. Alipokufa mwaka 14 BK, mrithi wake, mfalme Tiberius, alihamishia uchaguzi wa maafisa kwa maseneta. Mwanahistoria Tacitus anasema watu walinung'unika tu, na maseneta walifurahi kwa sababu hawatatumia tena fedha kuhonga na kujidhalilisha kuomba kura. Naamini manung'uniko yalikuwa madogo kwa sababu kile ambacho kura ilikuwa ikileta kilikuwa kimeshatenganishwa nayo: nafaka. Gaius Gracchus, ndugu yake Tiberius Gracchus, aliianzisha kwa bei nafuu mwaka 123 KK, tribuni Clodius akaifanya bure mwaka 58 KK, na chini ya Augustus wanaume wapatao 200,000 mjini Roma walipokea modii 5 kwa mwezi, kilo kama 33 za ngano, bila kumpigia mtu yeyote kura.

Lakini kuandika kwamba Warumi wote waliacha kupiga kura ni kosa. Ni mji wa Roma ulioacha. Miji ya himaya iliendelea. Mji wa Pompeii, uliofukiwa na volkano mwaka 79 BK, umehifadhi zaidi ya matangazo 2,500 ya kampeni yaliyopakwa rangi kutani, mengi yakiwa na majina ya waokaji mikate, madobi na wachukuzi wa nyumbu wakimwombea kura mgombea wao. Na Málaga, Hispania, ilichimbuliwa katika karne ya 19 sahani ya shaba yenye sheria ya mji huo, uliokuwa ukiitwa Malaca, ya wakati wa mfalme Domitian, aliyetawala 81 hadi 96 BK. Ukiisoma utaona wametibu karibu kila donda la Roma. Makundi yote yaitwe kwa mara moja, kila moja kwenye uzio wake, ili pasiwe na wa kutangulia. Kila sanduku lilindwe na watu watatu wa kundi jingine, na waape kabla ya kuhesabu. Kila mgombea aruhusiwe kuweka wakala wake mmoja kwenye kila sanduku. Wakazi wageni wenye uraia wa Roma au wa Kilatini nao wapige kura, katika kundi moja litakalopatikana kwa bahati nasibu. Wagombea wakilingana kwa kura, aliyeoa ampite asiyeoa, mwenye watoto wengi ampite mwenye wachache, na wakilingana hata hapo, majina yao yatumbukizwe chomboni na litakalotoka kwanza litangazwe.